Sauti ya Juu, Misuli ya Chini

Jumatatu, 3 Juni
Mazoezi ya kwaya. Ubeti wa tatu ni wangu peke yangu. Nikavuta pumzi, nikapanda mpaka ile sauti ya juu kabisa, nikafika. Na huku chini nako kukafunguka! Kidogo tu, kijiko cha chai. Lakini kijiko cha chai kwenye sketi ya kijivu hujitangaza chenyewe. Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyeutolea macho ubeti huo tangu mwaka jana, akaniuliza kwa sauti ya asali kama mgongo unaniuma. Nyoka!

Tangu hedhi ikome, kila kicheko kwangu ni bahati nasibu. Simwambii mtu. Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nimeshazaa wanne. Methali hainihusu tena.

Mkakati: nisinywe maji. Kisichoingia hakitoki.

Jumatano, 5 Juni
Kilitoka. Kichache, cheusi kama chai ya rangi, na kinachoma. Sauti nayo imekauka, inalia kama bawaba yenye kutu. Mwalimu wa kwaya akamwomba wifi anishikie ubeti, kwa muda tu. Kwa muda tu! Ndivyo mashamba ya watu yanavyokwenda.

Alhamisi, 6 Juni
Kliniki. Nilivaa miwani ya jua. Mtaalamu wa mazoezi ni binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Nikamweleza kwamba nimekuja kwa niaba ya jirani. Akasema, “Sawa, mama. Basi jirani alale hapa kitandani.”

Jirani akalala.

Kumbe kuna misuli imetandazwa huko chini kama chandarua, imebeba kibofu! Miaka yote hii tunaishi nyumba moja na hatujawahi kusalimiana. Uzazi huilegeza, na hedhi ikikoma huzidi kudhoofika. Nikauliza nitaijuaje. Akasema nikaze kana kwamba nazuia kishuzi mbele ya wakwe. Nikaipata papo hapo! Uzoefu ninao. Niinue kwenda juu, nishikilie kidogo, niachie kabisa, nipumzike, nirudie. Nisibane makalio, wala nisizuie pumzi. Nikitaka kukohoa, nitangulie kukaza. Na maji ninywe.

Nikauliza nitapona lini. Akasema pengine miezi mitatu. Miezi mitatu! Tamasha la kwaya ni Septemba, lakini wifi ameshaanza kuuzoea ubeti.

Mkakati: mazoezi ya miezi mitatu yote kesho.

Ijumaa, 7 Juni
Nimekaza tangu alfajiri. Nikipiga pasi, nimekaza. Kwenye cherehani, nimekaza. Pumzi nimeizuia pia, ili kuongeza nguvu. Mteja aliyekuja kupimwa gauni akanikuta nimetoa macho, akadhani nimemeza pini, akanipiga ngumi ya mgongo. Nikakohoa. Misuli ilikuwa imechoka hoi. Leo si kijiko tena, ni kikombe.

Jumatatu, 10 Juni
Wifi ana siri. Kila siku ya mazoezi ya kwaya hutoweka mchana, kisha huja anaimba kama kinanda. Nadhani anakunywa mayai mabichi. Nikamfuata kwa mbali, kona hadi kona, mpaka akaingia... kliniki! Nikachungulia mlangoni. Macho yetu yakagongana.

“Wifi,” akasema, “na wewe una jirani mgonjwa?”

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Yeye alitangulia kukaza. Mimi nilisahau.

Nikamdodosa yote. Yalimkuta barabarani, akipiga chafya, mbele ya watu. Akaanza mazoezi polepole, kila siku, mwaka mzima sasa. Ile Jumatatu aliona sketi yangu, akataja mgongo ili watu watazame juu. Akasema mambo haya tunafichana bure. Nikamshika mkono.

Jumapili, 1 Septemba
Tamasha! Majira yote haya wifi amekuwa akinipigia simu kila asubuhi tukaze pamoja, taratibu, tukipumua. Ubeti alinirudishia mwenyewe. Leo alisimama nyuma yangu, na kabla ya ile sauti ya juu akaninong'oneza, “Kaza.” Nikakaza, nikapanda, nikafika. Mkavu! Ukumbi mzima ukasimama. Wifi analia, mimi nalia. Machozi tu, hakuna kingine.

Jumatatu, 2 Septemba
Nimepona! Binti wa kliniki anasema niendelee na mazoezi hata hivyo. Hayo ni ya wagonjwa. Nimeacha.

Habari mbaya: wimbo mpya umekuja, na ubeti wa kuimba peke yake amepewa wifi. Sina kinyongo. Ila ninacho kichekesho kimoja cha fundi saa na mbuzi wake. Nitamnong'oneza akiwa katikati ya ubeti, tuone.

Nimekijaribu asubuhi hii jikoni, peke yangu. Kinachekesha mno! Nimelazimika kubadilisha sketi. Ni maji ya kuoshea vyombo, bila shaka.