Maua Kichwani mwa Phelesia

Jumatatu, 3 Machi
Leo hata chai haikushuka. Phelesia amechorwa! Picha kubwa kama mlango, mbele ya duka lake la vitenge hapa Sori. Uso umefunguka katikati kama kabati, maua yanamwagika kutoka ndani. Jicho moja limeota juu ya ua! Watu wanasimama kushangaa. Na Jumapili kanisani tunachagua mwenyekiti wa akina mama, na Phelesia anagombea. Nimekalia kiti hicho miaka tisa. Nani amewahi kunichora?

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza mchoraji, Jeff, kwa upole wa Kikristo, kama alikuwa na malaria alipoichora. Akasema, mama, hiyo ni ndoto, si picha ya kitambulisho. Mume wangu Japheth amepita pale mara tatu. Ati anatafuta kiberiti. Duka la vitenge!

Jumatano, 5 Machi
Niliomba. Jibu lilikuja nikipepeta dagaa wetu wa omena. Huku kwetu uso ukizungukwa na maua, mwenyewe yuko kwenye jeneza. Nikaipiga picha ile kwa simu, nikawatumia ndugu zake wa kisiwani Remba. Bila neno. Niliongeza kaemoji ka mshumaa tu. Mshumaa si uongo. Watashtuka, watamkaripia, ataishusha kabla ya Jumapili.

Ijumaa, 7 Machi
Uwi! Remba wamekuja! Maboti mawili, wanalia kutoka ufuoni mpaka dukani, na turubai, na majogoo matatu. Phelesia akatoka, futi ya kupimia kitambaa shingoni. Shangazi yake akazirai. Halafu wakasema hotuba walizoandaa zisipotee bure! Saa mbili nzima wanamsifu, yeye amekaa mbele anapangusa machozi. Japheth naye akaomba kusema machache. Hayakuwa machache. Na nani aliwapikia wageni? Mwenyekiti. Chapati mia moja themanini. Phelesia akanishika mkono, akasema, Mama Byron, una huruma wewe. Nilimchukia kabisa. Mungu nisamehe.

Jumapili, 9 Machi
Phelesia kura thelathini na nane. Mimi mbili. Moja yangu. Ya pili alinipigia Phelesia mwenyewe, ati chapati zilikuwa laini.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepiga magoti, Bwana amenionyesha kosa langu. Nilimuua mtu siye. Asubuhi nimeenda kwa Jeff: anichore mimi, kabati la milango miwili, maua mara mbili. Ndugu zangu wa Magunga ni wengi kuliko wa Remba, na wanajua kulia. Nimemwambia Japheth aanze kuandika hotuba. Ameuliza ataandika nini. Nimemwambia achukue ile ya Ijumaa, abadilishe jina tu.