Pampu Niliyoikalia

Jumatatu, 3 Machi
Mchezo wa mafuriko tena, sebuleni kwa shemeji. Mji wa makaratasi, maji yanapanda, wanne tunauokoa kwa pamoja: shemeji, mama mkwe, mke wangu, mimi. Kadi ni siri. Kila raundi unaruhusiwa neno moja tu! Tukishinda, tumeshinda sote. Sasa raha iko wapi? Saa mbili za kuumiza kichwa, mji ukazama. Mara ya sita tangu nijiunge. Shemeji akanikumbusha kwamba nimekalia kiti cha Mfamasia, jirani yake, anayerudi Jumapili kutoka likizo. Mji ukiokoka Jumamosi, kiti ni changu. Nikamjibu kwamba mchezo wenyewe siupendi. Nyumbani nimezipigia hesabu upya raundi zote, nyuma ya kalenda.

Jumatano, 5 Machi
Dukani nimeupanga mji wote kwa skrubu juu ya kaunta. Mteja wa bawaba alisubiri mpaka akaondoka. Mpango umepatikana! Nikipata kadi ya pampu, ile ya kunyonya maji yote, naikalia. Ikifika raundi ya mwisho, wote maji ya shingo, naitoa. Tutashinda sote, ila mmoja atakuwa ameshinda zaidi. Mama mkwe amesifiwa vya kutosha.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu kataka tusome kijitabu cha sheria pamoja. Anataka nibaki, kasema, maana hatuna mtoko mwingine wa wawili. Nikamwambia nimeshakihifadhi. (Nimefika ukurasa wa nne. Herufi ndogo mno.)

Jumamosi, 8 Machi
Pampu mkononi raundi ya pili! Nikakausha uso. Raundi ya saba mke wangu akanitazama, akatumia neno lake moja kwangu: pampu? Nikaangalia dari. Soko likazama, kisha kituo cha umeme. Raundi ya mwisho nikasimama, nikaibamiza kadi mezani. Mama mkwe akafungua kijitabu ukurasa wa saba, akanisomea taratibu, kama anayemsomea mgonjwa. Pampu inatumia umeme.

Njiani mke wangu akauliza nilitaka nini hasa. Nikasema nilitaka anipigie makofi. Akasema angenipigia hata raundi ya pili. Iliniuma. Naliandika hilo mara moja tu.

Jumapili, 9 Machi
Mfamasia karudi. Mji umeokoka ndani ya dakika arobaini, wakakumbatiana. Mke wangu alinitetea, nikapewa kazi ya kuweka kipande cha maji kila raundi. Kazi isiyohitaji akili, alisema shemeji. Nimefikiri njia nzima. Wao wanne wakishindwa, anayeshinda ni mmoja tu, mweka maji! Kijitabu sijakigusa. Kesho tunacheza tena, na mfukoni nina vipande vitatu vya ziada, nimevikata kwenye boksi la skrubu na kuvipaka bluu. Safari hii mke wangu atapiga makofi.