Vita vya Nati na Kishikio

Sogeeni, enyi wapanda baiskeli nanyi mtembeao kwa miguu, mwenye chai na aipulize taratibu, maana yanasimuliwa mambo ya gurudumu la mbele na jinsi lilivyofungwa kwenye fremu yake, siri ambayo falme nyingi zimeinuka na kuanguka bila kuijua.

Alikuwako fundi cherehani, Simba wa Mikasi, Sultani wa Pindo, ambaye hakupata kuiacha baiskeli yake chini ya ngazi za kazini pasipo kuling'oa gurudumu la mbele na kupanda nalo, akalitundika juu ya cherehani. Kwani, alisema, mwizi hapandi gurudumu moja. Nati alizifungua kwa spana kama amenyaye chungwa. Kisha vidole vikakakamaa, na shujaa akatangaza kwamba siku hizi anapenda kutembea. Nyumba nzima ikaamini, isipokuwa binti yake mdogo, ambaye sauti yake haikuwahi kumwamsha hata paka. Yeye alimwona akiificha spana chini ya vitambaa.

Binti akaenda dukani, akarudi na vishikio viwili, kimoja kwa kila gurudumu: vyombo vibanavyo kwa kusukumwa na kiganja tu, wala havitaki spana.

Vita vikawaka sebuleni. Kaka mkubwa, Jemadari wa Nati, akahutubia mpaka pazia likatikisika: kinachofunguliwa na kiganja cha mzee kitafunguliwa na cha mwizi, na gurudumu la nyuma nalo litapandishwa ngazi na nani? Mama akamuunga mkono. Fundi naye, akiificha mikono mapajani, akanena kama mfalme aliyezingirwa, "Vishikio ni vya wavivu, mwanangu. Mimi bado nina mikono."

Ukweli ukamjia binti hadi ncha ya ulimi. Akaumeza, maana ungemvunja aliyemlea.

"Si kwa ajili yako, baba," akasema, akiitazama sakafu. "Ni mimi. Nataka kuiazima Jumamosi, na nati zinanishinda. Nyuma tuache nati, kaka apate usingizi. Mbele tuweke kishikio, kwani hilo hupanda ngazi na mwenyewe."

Jemadari akatafuta pa kuchoma mkuki, asipaone.

Basi binti akainama, akaliingiza gurudumu kwenye uma wa baiskeli iliyoegemezwa ukutani, akakisukuma kishikio kivivuvivu, kikagoma. Akasukuma tena, kikagoma tena.

"Hebu toka hapo," baba akasema. "Mkono gani huo, kama uji?"

Akaweka kiganja. Akasukuma mara moja. Kishikio kikalala kitini pake kama adui aliyesalimu amri.

Wenye kalamu na waandike, wenye ngoma na wapige: gurudumu lilifungwa, tena likafungika. Na Jumamosi ilipowadia, binti alipoiomba baiskeli kwa adabu zote, aliambiwa kwamba Simba wa Mikasi ametoka nayo tangu alfajiri, na kwamba yeye asubiri zamu yake.