Theluji ya Kwanza na Goti la Mama Mkwe

Jumamosi, 22 Azar

Siku ya kumi na tisa ya ndoa! Kaivan wangu karudi kutoka tanuri la mikate na unga kwenye kope. Nimempangusa ukope mmoja mmoja. Polepole. Kisha mlango ukafunguka. Mama yake! Anapita kwenda kuchukua achari, maana aliyejenga nyumba hii, Mungu amsamehe, aliweka mlango wa ghala ndani ya chumba chetu cha kulala. Leo kapita mara nne. Nani anakula achari zote hizo? Mara ya nne kaniuliza kama ndiyo kwanza naamka au ndiyo narudi kulala.

Jioni, televisheni. Mtabiri mwenye tai ya zambarau kasema mikoa ya magharibi ijiandae: Jumatatu upepo mkali, barafu barabarani, theluji ya kwanza ya mwaka.

Theluji ya kwanza! Mchezo wa barfi! Unampelekea mtu theluji ndani ya chombo kilichofunikwa. Akikipokea bila kushtukia, kashindwa, na wewe unaomba utakacho. Akishtukia akamnasa mletaji, umeshindwa wewe. Wengine huomba karamu. Mimi nitaomba mama mkwe akakae kwa binti yake mjini Malayer siku zote arobaini za baridi kuu. Arobaini! Mimi, Kaivan, na mlango unaofungwa.

Jumatatu, 24 Azar

Nimeamka kabla ya jogoo, bakuli mkononi. Theluji hakuna. Upepo tu. Upepo wenyewe umenyakua gauni langu la kulalia, lile la waridi la harusini, ukalitundika juu ya mti wa jozi wa Bibi Farangis, jirani. Kasimama uani kalipigia mnada mtaa mzima. "Jamani, hili la nani? Kama ni lako, Behjat, basi marehemu mumeo alifaidi!"

Behjat ndiye mama mkwe. Kacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha kajisugua goti, kasema theluji ni Alhamisi. Goti limemwambia. Goti! Mtu ana televisheni ndani ya nyumba, anasikiliza goti.

Jumanne, 25 Azar

Mtabiri kasema theluji imechelewa kidogo, sasa ni Jumamosi. Kasema hivyo bila haya, na tai mpya shingoni.

Siwezi kungoja. Usiku nimeota mlango unaofungwa. Nikaenda jikoni nikakwangua barafu ya friza kwa kijiko. Nyeupe, laini, nzuri! Nikaijaza kwenye bakuli la mtindi, nikafunika, nikampelekea mama mkwe kwa sauti ya asali: mtindi wa Bibi Farangis huu, mama.

Kafunua. Kanusa. Kaonja! "Bibi harusi, mbinguni mwaka huu wanapika na kitunguu saumu?"

Barafu ilikuwa ya droo ya nyama. Kamwita Kaivan aje aonje. Kaonja! Wamecheka wote wawili, wameshikana mabega. Mama mkwe kasema hii haihesabiwi, theluji yenyewe bado, kila mtu bado yumo mchezoni. Nimemchukia kwa ukarimu huo. Kaivan nimemsamehe. Akicheka ana vishimo mashavuni.

Alhamisi, 27 Azar

Asubuhi tamu kuliko zote, kwa dakika mbili. Nimelala mpaka kumekucha, kwa nini niamke? Theluji ni Jumamosi. Kaivan kaingia kwa kunyata. Mkate wa moto ndani ya kitambaa. Juu yake kibakuli kilichofunikwa. Kaninong'oneza: malai ya maziwa, mpenzi wangu, najua unavyoyapenda. Machozi yalinilengalenga. Nani mwingine ana mume wa namna hii? Nimekipokea kwa mikono miwili. Nimekibusu. Nimefunua.

Theluji. Na kikaratasi, mwandiko wa mama mkwe: *Theluji kutoka kwetu, zawadi kutoka kwako.*

Mlangoni kichwa chake. Dirishani ua wote mweupe. Alhamisi, kama goti lilivyosema! Kaivan kaangalia miguu yake. Kasema mama alimwomba, angefanyaje, ni mama. Nimenuna mpaka adhuhuri. Kisha kaniletea malai ya kweli.

Zawadi aliyoomba mama mkwe: korsi, meza yetu fupi ya moto na blanketi lake kubwa, iwekwe chumbani kwetu. Kwa siku zote arobaini. Yeye na dada yake Nosrat watalala hapo, miguu chini ya blanketi. Chumba chenu kina joto, kasema, na achari ziko karibu.

Jumapili, 30 Azar

Mkesha wa Yalda, usiku mrefu kuliko wote mwakani. Watu wanne, pande nne za korsi, komamanga katikati. Kaivan mbele yangu, mzuri kama mwezi, hafikiki. Nikapeleka mguu taratibu chini ya blanketi. Nikaupata mguu wake! Nikaupapasa. Ukanipapasa nao! Nikamtazama machoni, naye anamenya komamanga, hana habari.

"Endelea, bibi harusi," kasema mama mkwe. "Hapohapo, chini ya goti. Linauma tangu jana."

Nosrat kapaliwa na mbegu.

Lakini nina mpango! Mtabiri kasema kesho saa kumi na mbili jioni dhoruba: upepo, barafu, njia ya Malayer kufungwa wiki nzima. Nimewaambia dada hawa wawili kwamba binti amewakumbuka sana, nitawasindikiza mwenyewe kesho asubuhi. Nitawaacha huko, nipande basi la kurudi la saa kumi na moja. Saa nzima mkononi! Wiki nzima na Kaivan!

Mama mkwe kakubali upesi ajabu. Kasema tu nifungashe nguo nyingi, za kwangu pia, maana goti linasema dhoruba itaanza saa sita mchana.

Goti linajua nini? Nimefungasha skafu moja.