Uzinduzi wa Mfumo wa Kufunga Thredi za Mizani ya Pamba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi uliyetuma mwakilishi, Mheshimiwa Mwakilishi uliyetuma salamu, waheshimiwa madiwani, viongozi wa dini zote, viongozi wa vyama vya msingi, na ninyi wakulima wa Kasoli mliosimama kwa sababu viti tumekalia sisi, itifaki imezingatiwa, nawasalimu kwa Kisukuma, mwangaluka! (Wakulima: "Mwangaluka!")

Mimi Elineema, Mratibu wa Mizani ya Kidijitali, niliyeanza maisha kwa kuchaji simu za watu sokoni bila kubebwa na mjomba yeyote, leo nazindua Mfumo wa Kufunga Thredi. Thredi, ndugu zangu, ni kikazi kidogo ndani ya kompyuta: gunia likipanda mzanini inazaliwa, inashika njia ya kwenda kwenye kumbukumbu, inaandika kilo, halafu inatakiwa ifungwe ili kilo zihifadhiwe na njia iachiwe mwenzake. Njia tunazo mia mbili. Kwa uongozi wangu mahiri, tangu jana tumezalisha thredi elfu nne mia sita na kumi na mbili! (Makofi, meza kuu.) Zilizofungwa: sifuri. Mia mbili zimeng'ang'ania njia, elfu nne mia nne na kumi na mbili ziko foleni kwa nidhamu ya hali ya juu.

Mtaalamu wetu wa programu, Georgina, akaniambia, "Bosi, iliyomaliza kazi tuifunge." Nikamuuliza: imepewa barua? Imekabidhi ofisi? Imekaa kamati ya nidhamu? Huwezi kumwachisha mtu kazi kienyeji! (Georgina: "Bosi, siyo mtu!") Kaa chini, binti. Ndiyo maana tukaunda kamati ya wajumbe kumi na saba, tukafanya capacity building siku tisa, chai mara mbili kwa siku, tukapata roadmap yenye kurasa mia moja na nne.

(Philomena, mkulima wa Kasoli, akiwa ameshikilia gunia lake mzanini: "Mheshimiwa, nimepimwa mara tatu, kilo zinafutika! Mvua ile pale inakuja, na lori la mwisho la pamba linaondoka saa kumi!")

Mama, vuta subira, tuko kwenye hatua ya utekelezaji. Nikisema "Thredi!", semeni "Ifungwe!" Thredi! (Georgina, peke yake: "Ifungwe!")

Kwa namna ya pekee namshukuru Masele, mlinzi wa ghala, ambaye kompyuta ikiganda huchomoa waya wa umeme na kuuchomeka tena, thredi zote zikafa na kilo zake. Programu yenyewe ya kuzifunga haijaandikwa hata mstari mmoja. Mfumo tunaouzindua ndiye huyu hapa. Masele, zindua!

(Masele anachomoa. Mzani unazima, kipaza sauti kinakata. Lori linawasha injini. Philomena: "Yaani hii ni mara ya nne, na gunia langu lilikuwa bado juu ya mzani!")

Usilie, mama. Kwenye ripoti yetu, wewe peke yako tayari ni wakulima wanne waliohudumiwa. Ahsanteni sana.