Kinyozi na Kadi ya Dhahabu

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimetangaza vita. Adui ni kaka wa mke wangu, shemeji yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Bosi ingawa hana hata mfanyakazi mmoja. Alikuja mchana bila kualikwa, akala bila kukaribishwa mara ya pili. Mke wangu alikuwa anatueleza habari za cherehani ya umeme aliyoiona mtandaoni. Amepata kazi ya kushona sare za shule nzima, kazi yake kubwa ya kwanza, na ile cherehani yake ya kukanyaga haitaiweza. Hela ameshaweka. Tatizo ni kwamba muuzaji anapokea kadi tu, na bei ya punguzo inaisha Jumamosi.

Hapo Bosi akatoa pochi. Polepole! Akaweka kadi yake ya bluu mezani, kando ya kopo la chumvi, akasema atalipa yeye, dada yake asijali.

Nikasema haiwezekani. Nikasema mume wa nyumba hii ana kadi yake, iko njiani. Mke wangu akauliza njia gani.

Jumanne, 5 Mei

Saluni nimefunga. Nimeenda benki. Dada wa mikopo, mwenye miwani na subira, alibonyeza kompyuta, akabonyeza tena, kisha akanitazama kama daktari anayetafuta pa kuanzia. Akasema kwa upole kuwa alama zangu ziko chini sana.

Alama zangu! Mimi niliyekuwa wa tatu darasani! Nimerudi nyumbani nimepindua sanduku zima. Cheti kimepatikana, kimeliwa na mende pembeni tu.

Jumatano, 6 Mei

Nimempelekea cheti. Hisabati, tisini na moja. Alikisoma chote, hilo nampa heshima yake. Kisha akaeleza kuwa alama anazozisema yeye ni za kukopa: nani alikopa, alilipa lini, alizima simu lini. Mikopo yangu yote ya simu imo. Televisheni niliyochukua kwa kulipa kidogo kidogo nayo imo, na yenyewe ilishakufa! Hawa watu hawana msiba wanaouheshimu?

Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni walicheka. Mmoja wao ni mteja wangu. Tutaonana kwenye kiti.

Dada akasema njia ipo. Mtu mwenye alama kama zangu huanza na kadi ya dhamana. Hakumaliza, nilikuwa nimeshafika mlangoni. Dhamana naijua. Anatakiwa mtu mzima, mwenye heshima zake, aje kunisimamia.

Alhamisi, 7 Mei

Nilimtumia mama mkwe ujumbe: Shikamoo mama, nahitaji dhamana haraka, njoo benki saa nne, usimwambie binti yako. Mimi niliuona ni ujumbe ulionyooka.

Alifika amevaa gauni lake la misibani. Mkononi alikuwa na mfuko wenye suruali kuukuu ya baba mkwe, sabuni na mswaki mpya. Akamwendea askari wa mlangoni moja kwa moja, akamwomba wasinipige, maana mkwe wake ni mjinga lakini si mwizi. Benki nzima ilisikia. Askari akasema hata yeye anaona hivyo.

Dada wa miwani akatuketisha. Kumbe dhamana ya kadi si mtu! Ni hela zako mwenyewe. Unaziweka benki, zinafungiwa, nawe unapewa kadi ya kutumia kiasi hicho hicho. Ukirejesha kwa wakati kila mwezi, alama zinapanda. Mama mkwe akauliza kama maana yake nawakopesha wao ili wao wanikopeshe mimi. Dada akasema, kwa ufupi, ndiyo. Mama mkwe akaomba maji ya kunywa.

Kadi zenyewe ni mbili. Ya kijivu, ada ndogo. Ya dhahabu, ada kubwa. Dada alinishauri ya kijivu, mama mkwe akamuunga mkono kwa sauti. Lakini ya Bosi ni ya bluu. Kijivu mbele ya bluu ni aibu. Dhahabu mbele ya bluu ni ushindi. Sijui wanawake hawa walikuwa wanafikiria nini.

Ijumaa, 8 Mei

Mke wangu alinikabidhi hela zake zote bila kuzihesabu. Akasema ananiamini.

Kadi nimeipata! Inang'aa hadi nimeitumia kuangalia meno. Nimepita mbele ya nyumba ya Bosi nikijipepea nayo. Hakuwepo. Nimepita tena.

Jumamosi, 9 Mei

Balaa.

Mke wangu ameketi ubavuni, mimi naingiza namba za kadi kwa mbwembwe. Imekataa. Nimerudia. Imekataa. Nimempigia dada wa miwani. Ada ya mwaka ya dhahabu ilikatwa jana ile ile, kabla sijanunua hata kiberiti, na kilichobaki hakifiki bei. Akanikumbusha kuwa nilitia sahihi. Kweli nilitia, tena ile yangu ya mapambo.

Mke wangu hakupiga kelele. Angepiga ningepata nafuu. Aliniuliza tu kama sare za watoto wale nitazishona mimi kwa mashine ya kunyolea. Kisha akampigia kaka yake. Bosi alifika upesi mno, amelipa, amepiga miayo.

Nimeona aibu, aibu ya kweli. Naapa: mimi na kadi basi!

Alhamisi, 14 Mei

Cherehani imefika! Kadi nimeirudisha, benki wametoa kilichobaki, Bosi amepewa. Pengo nitaliziba kwa kumnyoa bure mwaka mzima. Leo ameanza. Ameongea tangu kisogoni hadi ndevuni.

Mke wangu anashona tangu asubuhi na anaimba. Nami nimetafakari kwa makini, nimeligundua kosa langu. Ni rangi. Dhahabu ni ya watu wa kujionyesha. Na mchana huu simu imeleta ujumbe: nimechaguliwa kupata kadi nyeusi! Hawaangalii alama. Hawataki hela. Wanataka picha tu ya kitu chochote cha thamani kilichomo nyumbani, kiwe dhamana.

Nimepiga tatu. Mke wangu ameuliza napiga picha za nini. Nimemwambia najivunia kazi yake. Ametabasamu, akainua mikono ili cherehani ionekane yote.