Soksi ya Kushoto na Pikipiki Iliyokosa Pumzi

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Theluji imebaki nyuma ya banda tu. Nimemtoa Mbu. Mbu ni pikipiki yangu ya mwaka 1969, ya aina ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Marehemu mke wangu, Elma, ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu ya mlio wake. Kiki kumi na nne. Akawaka! Akavuma kama mtu aliyezibwa mdomo, akazima. Harufu ya manyoya yaliyoungua. Ajabu.

Jumapili sisi wazee saba wenye pikipiki kuukuu tunakwenda ziwani kunywa kahawa. Kanuni ni moja: anayekosa safari hiyo miaka mitatu mfululizo, jina lake linafutwa. Nimekosa miwili. Likifutwa, sitakuwa na mtu wa kunywa naye kahawa hata siku moja katika mwaka.

Ningemwuliza jirani yangu, Urho Kemppa, mmoja wa wale saba, ambaye anazijua injini hizi kama vidole vyake. Haiwezekani. Hatusemeshani tangu Oktoba, alipoiba soksi yangu ya kushoto. Elma alinifumia jozi hiyo kwa sufu. Niliivua katika bafu la mvuke la Urho, Jumamosi, kama kawaida yetu. Kufika Jumatatu nina soksi moja. Nani mwingine? Wiki hiyohiyo nilikuwa nimemfungia Mbu bandani kwa ajili ya majira ya baridi, kwa uangalifu mkubwa, kwa hiyo akili yangu ilikuwa timamu.

Jumanne, tarehe 14 Mei

Plagi. Nyeusi, imelowa. Nimeisugua kwa brashi ya waya, nikaikausha katika oveni kando ya mkate wa nyama. Mkate umenuka petroli. Nimeula.

Mbu amewaka, amenung'unika, amezima.

Urho alikuwa barazani kwake. Hakunisemesha. Alimsemesha mbwa wake, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara: “Unasikia, Musti? Jirani anachemsha uji.” Nikamwambia Musti kwamba namwonea huruma kwa kulishwa na mwizi. Musti akatikisa mkia. Hana msimamo.

Jumatano, tarehe 15 Mei

Kabureta. Nimeifungua yote juu ya meza ya jikoni, upande wa Elma. Nilingoja mtu apige kelele kuhusu kitambaa cha meza. Hakuna aliyepiga.

Nimepuliza kila tundu. Nimefunga. Imebaki skrubu moja. Huenda haikuwa ya lazima.

Mbu: vilevile.

Alhamisi, tarehe 16 Mei

Nimekwenda duka la vipuri. Mwenye duka ni Lempi, mama wa miaka arobaini, mkali wa ulimi. Nikamweleza dalili. Akasema, “Mzee Niskala, injini ni kama wewe. Inavuta pumzi, inaitoa. Umetazama inakotolea?” Nikamjibu kwamba niliendesha pikipiki kabla mama yake hajaachishwa ziwa. Ni wazi alitaka kuniuzia bomba la moshi. Akasema haya basi, baba, nenda ukaendeshe, lakini usirudi hapa kulia.

Nimenunua oili. Hila yangu: nizidishe oili katika petroli mara mbili. Injini kuukuu, kama mzee, hutaka mafuta.

Plagi imezama katika oili. Mbu ameshindwa hata kuwaka.

Urho akapaza sauti: “Musti, mwambie huyo mwerevu atazame nyuma.” Nikageuka nikatazama nyuma yangu. Ua wangu tu. Dhihaka za kitoto!

Ijumaa, tarehe 17 Mei

Nimemwaga mchanganyiko ule, nimetia wa kawaida. Plagi mpya. Mvua kutwa. Simu ililia, nikaikimbilia. Ilikuwa ya kwenye redio.

Jumamosi, tarehe 18 Mei

Siku ya mwisho. Hila kuu: mteremko! Nikamsukuma Mbu hadi kanisani, juu ya kilima, nikapanda, nikajiachia. Gia ya pili. Nilipokuwa nakata kona mbele ya lango la Urho nikaachia klachi.

Mlio kama bunduki! Kitu chenye moshi kikachomoka nyuma yangu, kikaruka juu ya lango, kikaangukia ngazi za Urho. Musti akatokomea chini ya baraza. Na Mbu akaimba! Akaimba kama siku ile Elma alipopanda nyuma yangu mara ya kwanza. Nilikwenda hadi darajani na kurudi. Upepo ulinitoa machozi. Ulikuwa upepo.

Niliporudi, Urho alikuwa amekishika kitu kile kwa koleo la makaa.

Soksi yangu. Ya kushoto. Uani kwake!

Akasahau kupitia kwa mbwa. Akaniuliza mimi mwenyewe, “Waino, ndugu yangu, kweli umesahau?” Nikamjibu kwamba anayepaswa kukumbuka soksi ilipofichwa ni aliyeificha. Akacheka hadi akakaa chini. Hatia humfanya mtu acheke hivyo.

Jumapili, tarehe 19 Mei

Nimefika ziwani! Wa tano kati ya saba. Jina langu limebaki.

Wakati wa kahawa nilisimama nikatangaza kwamba mali iliyoibwa imepatikana kwa Urho, na kwamba nimemsamehe. Wazee wakamtazama Urho. Urho akapaliwa, akajifuta, akasema, “Asante, jirani. Mzigo umenitoka.” Kisha akanimiminia kahawa na kuniambia Jumamosi bafu litakuwa na moto, niende. Miezi saba! Nilisema nitafikiri.

Nimefika nyumbani. Nimetundika taulo mlangoni, tayari. Kisha nikamwingiza Mbu bandani. Kuna mavi mapya ya panya! Sikungoja majira ya baridi. Papo hapo nimeziba bomba la moshi kwa kitu nilichokuwa nacho mkononi, nikakisukuma ndani kabisa kwa mpini wa ufagio. Mtu makini hujihadhari mapema.

Jioni. Glavu yangu ya kulia haionekani. Ile aliyoifuma Elma. Nimepekua mifuko, kabati, hata oveni.

Ziwani, nani alikuwa amekaa kando yangu?

Taulo nimelirudisha kabatini.